Diwani ya Vibonzo Iko Wapi?

Historia za fasihi ya Kiswahili zimepita mara nyingi mbele ya mlango wa kibonzo cha gazetini, wala hazikupiga hodi. Zimesimama kwa tenzi, zikakaa kitako kwa riwaya na tamthilia, zikayapa heshima mashairi ya magazeti, zikafika hata kwenye taarabu na majina ya kanga. Kibonzo kimeachwa nje kama mtoto aliyetumwa dukani wakati wageni wanakula. Mimi ni mchoraji. Nimeishi kwa kalamu na wino miaka mingi, na sasa naishi Momela, chini ya Mlima Meru, mbali na vyumba vya habari. Sikuja hapa kuombea kibonzo kiti cha pembeni. Nimekuja kushitaki.

Shitaka langu ni hili: sehemu ya maandishi yetu iliyoihifadhi sauti ya Mswahili jinsi anavyosema kweli, tumeiacha ioze katika karatasi za kufungia vitumbua. Kisha twasimama makongamanoni tukilalamika kwamba hatuna kumbukumbu ya Kiswahili cha mitaani cha miaka ya 1960 na 1970. Kumbukumbu tulikuwa nayo, na ilichapwa. Msomaji aliianza kabla ya tahariri, na asiyejua kusoma aliangalia picha huku mwenziwe akimsomea maneno. Tuliidharau kwa sababu ilituchekesha, na kwetu kinachochekesha hakihesabiwi kuwa kimesema neno.

Nianze na wale wasemao kwamba kibonzo ni kitu cha kigeni, kwa hiyo hakituhusu. Hoja hii inadhoofika mara tu mtu anapoyatazama maneno yenyewe. Kikaragosi, neno tunalolitumia kwa sanamu ya kuchekesha na kwa mchoro wa kejeli, lina asili yake katika Karagöz, mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye alipita katika nchi za Waarabu kabla jina lake halijafika pwani yetu. Juha tunamjua, na Abunuwasi tunamjua. Sungura na fisi hatukufundishwa na mzungu. Tena, kabla magazeti yetu hayajazoea kuchapa vibonzo, mwanamke wa pwani alikuwa amekwisha kuivaa picha yenye maneno. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Picha husema moja, jina husema la pili, na jirani aliyekusudiwa hulielewa la tatu ambalo halikuandikwa popote. Mchoraji wa vibonzo anafanya kazi hiyohiyo kwa wino. Kama jina la kanga ni fasihi, na wasomi wetu wamekubali kwamba ni fasihi, basi nataka nielezwe kibonzo kimekosa nini.

Mtazameni Juha Kalulu wa Edward Gitau wa Kenya. Gitau, aliyefariki mwaka 2016, alimchora mhusika huyu kwa zaidi ya nusu karne, na miaka mingi kati ya hiyo Juha Kalulu alikuwa mkazi wa kudumu wa Taifa Leo. Sizungumzii kwanza mistari yake, nazungumzia jina. Juha ni mjinga wa hekaya, aliyetujia kutoka Uarabuni akawa mwenyeji. Kalulu, kwa Kichewa na kwa Kibemba, ni sungura, yule mjanja wa hadithi za bara. Mjinga wa pwani na mjanja wa bara wametiwa katika ngozi moja, wakapewa kofia moja, wakatumwa mjini. Anayejua hadithi zetu akilisikia jina hilo tu tayari anatabasamu, maana anajua kwamba mtu huyu atapumbaa asubuhi na kupata akili jioni, au kinyume chake. Iwapo mshairi angeliunda jina kama hilo katika utenzi, pangeandikwa tasnifu. Kwa kuwa limeundwa gazetini, limepita kama upepo.

Kwetu Tanzania alikuwapo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Ili kumwelewa Chakubanga, yafaa mtu akumbuke gazeti lililomlea. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwaka huohuo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Nchi ilikuwa ikijenga siasa na lugha kwa wakati mmoja. Kurasa za gazeti zikajaa maneno mazito ya zama zile: ujamaa, kujitegemea, unyonyaji, kabaila, kupe. Ni maneno ya heshima, na mengine yamedumu. Lakini hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwake jioni akamwambia mkewe, “Leo nimepiga hatua katika ujenzi wa taifa.” Alisema kitu kingine, na kile kitu kingine ndicho alichokisema Chakubanga. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye tamaa na aibu zake, anayeujua mwito wa taifa na bado ana kiu. Alikaa katika gazeti lilelile lililokuwa likihubiri, akaonyesha mhubiriwa anafananaje. Jina lake likatoka karatasini likaingia vinywani. Mtu wa vituko akaitwa Chakubanga na watu ambao huenda hawakuwahi kununua gazeti. Ni wahusika wangapi wa riwaya zetu tukufu waliowahi kupata heshima hiyo?

Baada yake likaja gazeti la Sani na ukoo wake wote: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge. Hapo alichora Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akingali kijana, na ambaye wachoraji wengi wa kizazi changu walijifunza kwa kunakili mistari yake. Yaangalieni tena majina. Ndumilakuwili lilikuwa neno la methali na la kamusi, nyoka mwenye vichwa viwili, mtu wa maneno mawili; Sani likamvisha suruali akatembea barabarani. Lofa ni neno la Kiingereza lililokwisha kupoteza pasipoti yake. Sheng na lugha ya mitaani hutafutiwa fedha za utafiti siku hizi, nami nafurahi. Lakini watafiti waanzie hapo, katika kurasa zilizoandika lugha hiyo ilipokuwa bado moto.

Sasa niwageukie walinzi wa usanifu, kwa maana ndio waliotuumiza zaidi. Kibonzo changu cha kwanza kilitoka katika gazeti moja ambalo sitalitaja. Mhusika alikuwa mzee wa Kimeru mwenye fimbo na kofia kubwa, anayeteremka kutoka Momela hadi Usa River, kisha Arusha mjini, siku za soko. Katika picha moja nilimwandikia maneno haya: “Lo! Nauli imepanda tena? Haya, ntatembea!” Gazeti lilipofika, mzee wangu alikuwa akisema: “Nimeshangazwa na kupanda kwa nauli. Nitatembea kwa miguu.” Mdomo niliouchora wazi kwa mshangao ulikuwa ukitoa sentensi ya barua ya serikali. Mhariri aliniambia amenisaidia. Jambo hilo lilirudiwa wiki baada ya wiki, mpaka mzee yule akawa mtu asiyejulikana kwao, na barua za wasomaji zikakoma kuja.

Sikatai Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wake, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikafanya kazi ya kukilinganisha ili mtoto wa Bukoba na mtoto wa Tanga wasome kitabu kimoja. Ni kazi kubwa, na mimi mwenyewe ninakula matunda yake ninapoandika maneno haya. Lakini lugha ile ililinganishwa kwa ajili ya vitabu vya shule. Haikukusudiwa kumnyamazisha mtu ambaye kofia yake imepeperushwa na upepo. Hapa Momela tuna maziwa kadhaa yaliyokaa karibu karibu, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya magadi na mwani uliomo. Hakuna mtu mwenye akili aliyependekeza yatiwe rangi moja ili yafanane ramani. Gazeti nalo liko hivyo: tahariri ina rangi yake, shairi lina rangi yake, barua ya msomaji ina rangi yake, na kibonzo kina rangi yake. Anayekifanya kibonzo kiseme kama tahariri amekausha ziwa moja na hajaongeza maji katika jingine.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo, ambayo wapenzi wa lugha hawaitaji. Kiswahili ni tajiri wa tanakali za sauti kupita kiasi. Kwetu mtu haanguki tu. Akianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, sakafuni ni pu. Sikio la Mswahili linajua alipoangukia kabla jicho halijaona. Mtu hunyamaza jii, hulala fofofo, hujaza pomoni, hushika ndi; nguo ni nyeupe pe, usiku ni mweusi tititi. Haya si mapambo ya watoto. Ni sarufi nzima, na pa kuiandikia panapoifaa kuliko pote ni ndani ya picha, mahali ambapo sauti na kitendo vinaonekana pamoja. Haya basi, fungueni vibonzo vingi vya leo. Mtu wa Manzese anapigwa ngumi, na juu ya kichwa chake pameandikwa POW. Mtu wa Kariakoo analala, na kinywani mwake zinatoka herufi ZZZ, kana kwamba Waswahili hawakoromi. Bomu likilipuka ni BOOM. Mhusika anaongea Kiswahili na kuanguka kwa Kiingereza! Vijana hawa hawakuzaliwa wakiwa wamelipoteza sikio. Walinyimwa mfano. Wangaliwekewa mezani diwani ya vibonzo vya wazee wao, wangeona jinsi neno linavyokaa ndani ya picha, kisha wangeendelea mbele. Mfano ulitupwa, wakajifunza kutoka Marekani.

Wenzangu wa ushairi, ninyi mngetuelewa upesi kuliko wengine, kwa sababu kazi zetu ni ndugu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Wa kwanza hufungua, mloto hupokea, mleo hugeuza, kituo hufunga. Kibonzo cha picha nne kinakwenda mwendo uleule. Picha ya kwanza inamsimamisha mtu mahali, ya pili inamtia haja moyoni, ya tatu inamgeuzia mambo, ya nne inamwacha na uso wake. Mshairi anahesabu mizani, mimi ninahesabu herufi, kwa kuwa duara la maneno juu ya kichwa cha mhusika halipanuki kwa matakwa yangu. Neno likizidi, litaziba uso, na uso ukizibwa kichekesho kimekufa. Wote wawili tunajua maana ya kufuta neno zuri kwa sababu halikai. Tena tulikuwa majirani. Gazeti lilelile lililochapa malumbano ya washairi lilichapa na vichekesho vyetu. Lakini tazameni yaliyotupata baadaye. Mashairi ya Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, yalikusanywa yakatiwa kitabuni, na kwa hiyo mtoto wa leo anaweza kulumbana na wafu. Sisi tuliokuwa ng’ambo ya mstari tulibaki na tarehe ya gazeti peke yake, na gazeti la jana ni la muuza karanga.

Najua jibu lililo tayari midomoni mwa wengine. Watasema vibonzo vile viliwakejeli wanawake, vikamfanya mtu wa shamba kuwa kichekesho cha mjini, vikachekelea ulevi. Ni kweli, na sitaifunika kweli hii kwa kawa. Zama zile zilikuwa na hofu yake kubwa juu ya mwanamke wa mjini. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, suruali za kubana na mawigi, na mwanamke ndiye aliyezomewa barabarani. Vibonzo vya zama hizo haviwezi kuwa safi kuliko zama zenyewe. Lakini tangu lini dosari ya maandishi ikawa sababu ya kuyapoteza? Tungefuata kanuni hiyo, tungezichoma tenzi kadhaa zinazomfunza mke namna ya kumnyenyekea mume. Hatukuzichoma. Tunazisoma, tunazipinga, tunajifunza kutoka kwazo watu walivyofikiri. Kibonzo kinachomdhalilisha mwanamke ni ushahidi, na ushahidi huwekwa ofisini, hautupwi jalalani ili mshitakiwa aseme hakuwapo.

Wengine watasema hatuna fedha za makumbusho. Sijazungumzia makumbusho, lakini kwa kuwa wamelitaja neno, nitazame wengine wanavyofanya. Ubelgiji ilimpata Hergé, aliyemchora Tintin. Katika kisa cha Kongo, cha miaka ya 1930 na 1931, aliwachora watu wa Kongo kama wapumbavu wenye midomo mikubwa. Tangu mwaka 2009 mchoraji huyo ana jumba lake la makumbusho huko Louvain-la-Neuve. Marekani ilimpata Charles Schulz, aliyechora Peanuts kwa karibu miaka 50. Kazi yake yote imechapwa upya vitabu kwa vitabu, siku kwa siku. Gitau naye alichora zaidi ya nusu karne, na kazi yake yote, iliyopangwa kwa tarehe na maelezo ya maneno, sijaishika mkononi hadi leo. Anayetudharau ana jumba, na aliyetuchekesha kwa lugha yetu hana hata rafu.

Wala sihitaji kwenda Ulaya. Hapa Momela, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuja watu wa sinema kutoka Hollywood. Howard Hawks aliongoza, John Wayne akaigiza, wakakimbiza vifaru na twiga kwa magari, na filamu ikatoka mwaka 1962 kwa jina la Hatari! Neno letu moja, pamoja na alama yake ya mshangao, likatosha kuwa jina la sinema iliyozunguka dunia. Mwigizaji wao mmoja, Hardy Krüger, alipapenda hapa akapata shamba, na hadi leo ipo hoteli ya wageni yenye jina la filamu hiyo, ambamo mtalii hukaa akikumbuka. Siwaonei wivu. Walitengeneza kitu, wakakitunza. Ninaloliuliza ni kwamba neno moja la Kiswahili lililotamkwa na wageni lina kumbukumbu Momela, na maneno elfu ya Kiswahili yaliyotamkwa na Chakubanga kila wiki yana kumbukumbu wapi?

Watu wa upande huu wa Meru tunaijua tofauti kati ya jambo lililowekwa katika maandishi na jambo lililoachiwa upepo. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki walifukuzwa katika ardhi yao ili wakae walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Baadaye, yeye pamoja na wakili Earle Seaton wakaandika kitabu juu ya kesi ile. Ndiyo maana leo hakuna awezaye kusema haikutokea. Vichekesho si ardhi, nakubali. Lakini lugha ni ardhi, na mtu asiye na hati atasikia siku moja akiambiwa kwamba hapo hapakuwa na mtu.

Jambo la kuaibisha zaidi ni kwamba wako waliotuona, ila hawakuwa wa kwetu. Mtafiti wa Ujerumani, Jigal Beez, ameandika kwa Kiingereza juu ya Komredi Kipepe wa Chris Katembo, akamlinganisha na Asterix wa Wafaransa. Nilifurahi kumwona Kipepe akichukuliwa kwa uzito, na nikaona haya kwamba nilihitaji Kiingereza ili kusoma habari za mhusika aliyesema Kiswahili.

Kwa hiyo sitaki pongezi, wala sitaki siku ya kibonzo yenye fulana na hotuba. Nataka kazi ifanyike. Walimu wa fasihi wa vyuo vikuu vyetu wawatume wanafunzi wao katika hazina za magazeti, kama ile ya East Africana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapige picha za vibonzo kwa tarehe zake kabla karatasi haijawa unga. TATAKI na BAKITA wakichukue Kiswahili cha vibonzo kuwa chanzo cha kamusi, kwa maana humo mna vihisishi na tanakali ambazo hazikuandikwa pengine. Wachapishaji watoe diwani moja, moja tu kwanza, ya Chakubanga au ya Juha Kalulu, yenye maelezo ya maneno kama tunavyoifafanua diwani ya Muyaka. Wachoraji vijana waiache POW, waandike tapwi. Nanyi mnaosoma hapa, mlio na sanduku la baba au la babu lenye Uhuru, Baraza, Taifa Leo au Sani za zamani, msilifungue ili kuwashia jiko. Kateni kibonzo kwa makini, andikeni nyuma jina la gazeti na tarehe yake, kisha mkiweke mahali pakavu mpaka atakapokuja mtu kukiuliza.